Siku Sita Nyuma ya Jiwe, Waya na Udongo

Jumapili usiku, Nakuru

Begi limefungwa. Suruali mbili, sweta ya kupitia Kericho, daftari la kuchorea, penseli tatu, na simu yenye picha zaidi ya mia mbili za kazi ambazo sijawahi kuziona kwa macho yangu.

Hilo ndilo linalonitoa nyumbani. Ndege wa jiwe wa Elkana Ong'esa yuko Paris, makao makuu ya UNESCO. Vyungu vya Magdalene Odundo vimewekwa ndani ya makabati ya vioo Uingereza na Marekani. Dickens Otieno, anayefuma vitambaa kwa mikebe ya soda, alikuwa kwenye banda la Kenya katika maonyesho ya sanaa kule Venice mwaka 2022. Mimi nipo Nakuru naandika mabango: "Nyama Choma", "Usikojoe Hapa", "Mungu Mbele" nyuma ya matatu. Pasipoti sina. Wasanii wote ninaowapenda nimewajulia kwenye simu, na simu ina uongo wake: inafanya kila kitu kitoshe kiganjani. Sanamu inayobebwa na lori na hereni ya shanga, zote saizi moja.

Kwa hiyo nimekata shauri niende walikotoka wenyewe, na kwenye vitu walivyovishika. Kazi zimesafiri. Jiwe, waya na udongo bado viko huku kwetu.

Mke wangu ameuliza nani ananilipa. Nimesema hakuna. Amenyamaza, na kunyamaza kwake nakujua.

Jumatatu, Nakuru hadi Kisii

Matatu imejaa saa mbili kasorobo. Nimekaa nyuma ya dereva, na juu ya kioo cha mbele kuna maandishi ya stika, herufi zenye kivuli, zimenyooka kama zimepigwa pasi. Nimezitafutia kosa hadi tukapita njia panda ya Molo. Hazina. Na ndiyo maana sizipendi: hakuna mahali mkono uliposita. (Na ndiyo, nina wivu. Mashine inamaliza kwa dakika ishirini kazi yangu ya siku mbili. Nimebakiwa na kuta zenye matuta ambazo plastiki haishiki.)

Laiti ningeshika njia ya upande wa pili, ya kwenda Nairobi, ningepita Naivasha anakoishi Sane Wadu. Ni wa kaunti yetu, na ndiye aliyenitia wazimu huu. Alizaliwa 1954, akaacha ualimu akawa mchoraji, akawa anatembea amevaa nguo alizozipaka rangi mwenyewe. Watu wakasema amerukwa na akili. Naye akajiita Sane, neno la Kiingereza la mtu mwenye akili timamu, na jina likakaa. Mara ya kwanza kuona picha yake ilikuwa kwenye gazeti kuukuu lililofungiwa nyama. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Rangi ilionekana nzito hata kwenye karatasi ile, imerundikwa kama matope ukutani, na damu ya ng'ombe ilikuwa imeshaanza kuingia pembeni. Nilimwuliza bwana wa bucha kama ana ukurasa mwingine kama ule, mkavu. Hakuwa nao.

Londiani ukungu, Kericho chai na mvua, Litein, Sotik, Keroka na mikungu ya ndizi hadi juu ya paa za magari. Kisii nimefika saa tisa, nikala, nikalala. Chumba kilikuwa juu ya duka la muziki. Basi.

Jumanne, Tabaka

Unajua umekaribia pale majani ya migomba yanapobadilika rangi. Vumbi la jiwe limekaa juu yake kama poda. Kando ya njia kuna vilima vya mabaki, vipande vyeupe, vya waridi, vya kijivu, na kila nyumba ya tatu kuna mtu ameketi chini ya mti akigonga kitu.

Machimbo ni shimo wazi. Watu wanateremka na sururu na mtaimbo, wanatoa jiwe kwa mabamba, wanalipandisha kwa mgongo. Watu huliita jiwe la sabuni, na ukiligusa unaelewa, linateleza. Ukilikwaruza kwa kucha, alama inabaki.

Mzee mmoja alikuwa analichonga kwa panga. Nasema panga, lile la kukatia nyasi. Alishika kipande kati ya miguu, akakikata kama mtu anayemenya muhogo, maganda yakaruka, na ndani ya dakika kumi kulikuwa na mgongo wa kiboko.

"Kijana wangu, jiwe likitoka shimoni lina maji," aliniambia. "Ndio wakati wa kuongea nalo. Ukingoja likauke, linakuwa kichwa ngumu."

Baada ya panga kuna kisu, na baada ya kisu kuna wanawake. Hiyo nusu ya kazi sikuwa naijua kabisa. Sanamu ikishapata umbo inapelekwa kwa akina mama walioketi na makarai ya maji, na wao wanaisugua kwa msasa, wa kukwaruza kwanza, halafu laini, halafu laini zaidi, ndani ya maji ili vumbi lisiruke. Vumbi ni la kuogopwa. Wachongaji wengi hufunga kitambaa mdomoni, na wasiofunga unawasikia kwa kikohozi kabla hujawaona.

Hapo ndipo nilipoinama kupiga picha ya karai, na simu ikateleza kutoka mkononi ikaenda chini kama jiwe lenyewe.

Mama mwenye karai aliitoa kwa vidole viwili. Maji meupe yalikuwa yanatoka kwenye tundu la chaji.

"Pole baba. Toa laini kwanza. Halafu uifukie kwa mchele."

"Mchele nitautoa wapi, mama?"

"Si utaenda Kisumu? Ahero si iko njiani?" Kisha akaniangalia mikono. "Sasa kwa vile huna cha kushika, shika hii." Akanipa kipande cha msasa na kiboko kisichozidi ngumi yangu.

Nimesugua kiboko kile kwa zaidi ya saa moja. Mwanzoni kilikuwa na rangi ya sementi, maji yakageuka maziwa, na ghafla, chini ya kidole gumba, mshipa mwekundu ukatokea ubavuni, mwembamba kama uzi, ukipanda hadi sikioni. Likikauka unapotea. Ukilowesha unarudi. Mama alisema hapo ndipo nta inapoingia: sanamu ikishakauka hupakwa nta na kung'arishwa, na nta hulifanya jiwe lionekane kama limelowa siku zote. Miaka yote nimedhani ule mng'ao ni rangi ya jiwe. Kumbe ni jiwe limezuiwa lisikauke.

Nikamfikiria Ong'esa. Amezaliwa hapa hapa Tabaka, 1944, akapitia Makerere, akaanza kuchonga vitu vikubwa kuliko mtu. Ndege wake wa Paris anaitwa Enyamuchera, ndege wa amani. Kwenye simu nilikuwa naangalia umbo tu, mviringo na mdomo. Leo mkono umeniuma kwa kiboko cha ukubwa wa ngumi, na nimeanza kuhesabu: ndege yule ana eneo la makarai mangapi? Vidole vingapi vililainishwa pamoja na jiwe kabla halijalainika?

Nilimwuliza mzee wa panga kama kuna tofauti kati yake na yule. Alicheka. "Kiboko kinalipa karo," akasema. "Ndege yule amefanya watu wajue kuna Tabaka."

Ni jibu zuri lakini sikubaliani nalo lote. Si kila kilichochongwa kina uhai. Niliona rafu ya twiga arobaini waliofanana kama misumari, na sikusikia chochote. Halafu nikamwona mmoja, mwisho kabisa, shingo imepinda kuangalia nyuma kama aliyeitwa jina. Kijana aliyemchonga alisema ni jiwe lilikuwa na ufa pale, ikabidi aukwepe. Alikuwa anataka kumwuza kwa bei ya chini kwa sababu hafanani na wenzake. Ningekuwa na pesa ningemlipa mara tatu. Sikuwa nazo, na M-Pesa yangu ilikuwa ndani ya simu iliyojaa maji.

Niliondoka na tonge la jiwe lisilochongwa, kilo sita hivi, lenye ufa. Walinipa bure. Walicheka nilipoliweka begini.

Jumatano, Kisii hadi Kisumu

Nimenunua kabambe, simu ndogo ya vitufe, nikatia laini, M-Pesa ikafufuka. Picha mia mbili sina tena. Nimejaribu kukumbuka moja baada ya nyingine ndani ya gari, na ajabu, ninazozikumbuka vizuri ni zile nilizowahi kuzinakili kwa penseli. Nyingine zimeenda na maji.

Oyugis, Sondu. Ahero nimeshuka nikanunua kilo moja ya mchele kwa mama wa kando ya barabara. Nimefukia simu mle mbele yake. Ameuliza kama nitaupika baadaye.

Jioni samaki karibu na ziwa, mifupa yote nimeifyonza. Magugu maji yamefunga ukingo, kijani kibichi hadi unadhani unaweza kutembea juu yake.

Alhamisi, Kisumu

Asubuhi nimeenda Kondele kutafuta waya.

Kuna msanii wa hapa Kisumu, Gor Soudan, aliyezaliwa 1983. Alisoma falsafa na sosholojia Egerton, hapo Njoro karibu na kwetu, akaishia kuwa msanii. Kazi zake ninazozirudia ni zile za waya mweusi. Tairi la gari lina nyuzi za chuma ndani. Likichomwa barabarani siku ya maandamano, mpira unaisha, chuma kinabaki kimejikunja juu ya lami. Yeye aliuokota waya ule akausuka ukawa maumbo. Watu huuita waya wa maandamano.

Nilikuwa Nakuru Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Tairi zile nazijua kwa harufu. Kwa wiki kadhaa sikuandika bango lolote isipokuwa moja: mwenye duka aliniomba niandike kwenye mlango wake jina ambalo si lake. Nililiandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, mkono ukitetemeka, na kwa mara ya kwanza mteja hakulalamika kwamba mistari haijanyooka. Sijawahi kulizungumzia jina lile. Nilipoona picha za waya wa Gor Soudan, nilielewa kwamba kuna mtu aliyeinama akaokota kile ambacho sisi wengine tulikiruka.

Basi nikainama. Chini ya barabara ya juu pale Kondele, pembeni, lami ina madoa meusi yanayong'aa, imeyeyuka ikaganda tena. Nikakuna kwa ncha ya ufunguo. Mwanabodaboda akasimama.

"Omera, umepoteza nini?"

"Waya."

"Waya gani?"

"Wa tairi."

Alinitazama kidogo, akazima injini, akashuka. Bila kuuliza zaidi alinipeleka hatua kama thelathini hadi kwenye mtaro, akasukuma taka kwa kiatu. Ulikuwepo, bonge lake zima, umeshika kutu, umejisokota kama nywele zilizotoka kwenye kitana. Nilipoushika ulinichoma kidole. Mwepesi kuliko nilivyofikiri. Ukiubana kwa kiganja na kuuachia, unarudi ulivyokuwa. Hilo nalo simu haikuwahi kuniambia: waya wa tairi haukubali kukunjwa kirahisi. Kila umbo alilolipata Gor Soudan alilipata kwa ubishi.

"Unataka kuuza chuma chakavu?" mwanabodaboda aliuliza.

"Hapana. Kuangalia tu."

"Sawa," akasema, kwa sauti ya mtu anayemwonea mwenzake huruma.

Mchana nimeingia Kibuye, upande wa mafundi wa nguo. Dickens Otieno ni mtu wa Migori, na mama yake alikuwa fundi wa nguo. Yeye hukata mikebe ya alumini kuwa utepe mwembamba, kisha anafuma kama mtu anayefuma mkeka, hadi anapata kitambaa cha chuma unachoweza kukitundika. Wengi humsifu kwa kuokoa taka, sifa ambayo unaweza kumpa hata mwenye toroli la chupa. Mimi naona cherehani. Hapa Kibuye nimekaa karibu na mama mmoja aliyekuwa anapunguza suruali za mitumba, na chini ya meza mtoto wake wa miaka kama minne alikuwa anapanga vipande vilivyoanguka: kijani, nyeupe, kijani, nyeupe. Hakuna aliyemfundisha. Mama akisukuma pedali, mtoto anapanga. Nimewachora wote wawili, na meza katikati.

Nilikuwa na mpango wa kuvuka Busia niende Uganda kuona lubugo, kitambaa cha gome la mtini ambacho Michael Armitage huchorea badala ya turubai. Gome lina matundu na makunyanzi, na yeye huyaacha yaonekane katikati ya picha, hata usoni mwa mtu. Nimehesabu pesa mara mbili. Busia itangoja.

Ijumaa, Ilesi

Matatu ya Kakamega, unapanda mlima wa Riat na ziwa linabaki chini nyuma yako, halafu Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali, Khayega. Vyungu vya Ilesi vimepangwa kando ya barabara kuu, huwezi kuvikosa. Jiwe la Kulia liko papo hapo pia, mnara wa mwamba na jiwe jingine kichwani, maji yakichuruzika mashavuni. Nimelitazama. Ni kubwa. Nikarudi kwenye vyungu.

Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi 1950 na akaenda Uingereza 1971. Huko alisomea sanaa za matangazo kabla hajashika udongo, na 1974 akaenda Abuja, Nigeria, akaketi na wafinyanzi wa kule akiwemo Ladi Kwali. Mpaka leo hajengi chungu kwa gurudumu. Anapandisha udongo kwa mkono, anakwangua, anapaka maji ya udongo laini, anasugua kwa jiwe hadi ung'ae bila rangi yoyote ya dukani. Akichoma kwenye hewa, chungu kinatoka na rangi ya chungwa. Akikichoma tena kwa kukinyima hewa, moshi unaingia ndani ya udongo, kinakuwa cheusi.

Hayo nilikuwa nayajua kwa kusoma. Leo nimeketi kwenye kigoda mbele ya bibi mmoja, Kukhu wanavyomwita, ambaye hajui habari za makumbusho na hakuniuliza. Alikuwa ameweka kitako cha chungu kipya ndani ya kigae cha chungu cha zamani kilichovunjika, akikizungusha kidogo kidogo kwa kidole cha mguu huku mikono ikipandisha ukuta. Kila baada ya duara alisimama akainamisha kichwa, si kuangalia, kusikiliza. Aligonga kwa kucha. Panapotoa sauti nzito aliongeza mkwaruzo.

Jiwe lake la kusugulia lilikuwa dogo, jeusi, limelika upande mmoja likawa bapa.

"La mama mkwe," alisema. "Na yeye alilikuta."

Mchana walichoma. Hakuna tanuri. Vyungu vilipangwa kwa mgongo juu ya kuni, vikafunikwa nyasi, moto ukawashwa upande wa upepo. Tulikaa mbali, tukala nduma. Jivu lilipotulia, Kukhu alivitoa kimoja kimoja kwa mti mrefu, vyekundu, vizuri. Kimoja kilikuwa na doa jeusi begani, kubwa kama kiganja, lililofifia pembeni hadi kuwa kahawia, kisha chungwa. Nyasi zilikilalia pale, hewa haikufika.

Mimi niliinuka. Lile doa ni lile lile. Ni weusi ule wa Odundo, unaoishi nyuma ya kioo, na hapa umekuja wenyewe kwa sababu ya fungu la nyasi mbichi.

"Hiki kimeharibika," Kukhu akasema, akakiweka kando. "Watanipunguzia."

Nilimwambia kwamba kuna mama mmoja Uingereza, asili yake ni Kenya, anayechoma vyungu mara mbili makusudi ili vipate weusi kama huo, na kwamba mwaka 2020 serikali ya Malkia ilimpa cheo cha heshima. Alisikiliza hadi mwisho. Akageuza chungu chake akalitazama doa.

"Mara mbili?" akauliza. "Na kuni za huko ni bei gani?"

Nilitaka kukinunua. Aliniambia nichukue kizuri. Nikasema nataka hicho. Tukabishana bei kinyumenyume, mimi napandisha, yeye anashusha kwa aibu ya kuuza kitu kibovu. Tulikutana katikati, na bado alinitilia kifuniko kisichokuwa chake.

Jumamosi, Nakuru

Safari ndefu, chungu mapajani njia nzima. Makanga alitaka kukitoza nauli.

Nyumbani nimetoa simu kwenye mchele. Imewaka kidogo, ikaonyesha mistari ya kijani, ikazima. Mchele tumeupika. Chungu mke wangu amekichukua bila kuuliza, amekisuuza, amekitia maji ya kunywa na kukigeuza doa likatazama mlangoni. Sijamwambia chochote kuhusu doa.

Jiwe la Tabaka nimelilowesha bafuni. Lina mshipa, wa kijivu safari hii, unaoingia kwenye ufa na kutokea upande wa pili. Nimelisugua kidogo kwa msasa wa dukani.

"Litakuwa nini?" ameuliza.

"Sijui bado."

Karakana yangu ina mlango wa bati ambao upepo wa alasiri huubamiza mpaka rangi zinatikisika kwenye rafu. Amelibeba jiwe kwa mikono miwili, akitembea kwa kuegemea nyuma, akaliweka mbele ya mlango. Upepo umekuja. Mlango haukusogea.

"Basi likae hapo," amesema, "mpaka ujue."

Jumatatu nina ukuta wa kuandika, hoteli ya kule Njoro, matuta matupu. Nimeshaloweka brashi.